Tiba ya Gestalt ilitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanafunzi wa ushauri nasaha, wahudumu wa afya ya akili na yeyote aliyekutana na jina Gestalt kwenye kitini cha chuo akaachiwa mambo mawili tu: kwamba mwanzilishi ni Fritz Perls, na kwamba kuna kiti kitupu ambacho mteja huzungumza nacho kana kwamba kuna mtu amekikalia. Mambo hayo mawili yanaficha mengi mno. Nyuma yake kuna maabara ya Frankfurt, wodi ya askari walioumia ubongo, mama aliyekuwa akimtazama mwanawe akianza kula, na jenerali ambaye majeshi yake yalipita Moshi na Morogoro. Majibu mengine ni mafupi, mengine marefu, kulingana na uzito wa swali.

Kwanza kabisa, tiba ya Gestalt ni nini?

Ni aina ya tiba ya kisaikolojia ambamo mtaalamu na mteja hushughulika zaidi na kinachotokea sasa hivi, mbele ya macho yao, kuliko kuchimbua utoto wa mteja wakitafuta sababu. Mteja husaidiwa kutambua anachohisi, mwili wake unafanya nini, anakwepa nini, na anakutana vipi na mtu aliye mbele yake. Akisema "sina hasira" huku amekunja ngumi, mazungumzo yataanzia kwenye ile ngumi. Misingi yake iliwekwa na Fritz Perls (1893–1970), mkewe Laura Perls (1905–1990) na mwandishi wa New York, Paul Goodman. Kitabu kilichoipa jina lake kilitoka mwaka 1951.

Jina lenyewe limetoka wapi?

Limetoka kwenye saikolojia ya Gestalt, tawi la saikolojia lililozaliwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa Kijerumani neno hilo ni umbo, yaani kitu kinavyojitokeza kwa ujumla wake.

Mwaka 1890 mwanafalsafa Christian von Ehrenfels aliuliza swali linaloonekana dogo: wimbo ni kitu gani? Ukiupandisha au kuushusha, kila noti inabadilika, lakini msikilizaji anautambua kuwa ni uleule. Mwimbaji wa taarab akishusha wimbo kidogo kwa sababu koo limemkauka, hakuna atakayesema ukumbini kwamba huo ni wimbo mwingine. Basi wimbo haumo katika noti moja moja, umo katika uhusiano wa noti hizo.

Miaka 20 baadaye Max Wertheimer, mzaliwa wa Prague, alilipeleka jambo hili maabara. Mwaka 1910 huko Frankfurt alitumia kifaa kilichoonyesha mstari mmoja wa mwanga, kisha wa pili mahali pengine kidogo. Muda kati ya mistari ukiwa mrefu, mtazamaji anaona mistari miwili ikifuatana. Ukiwa mfupi mno, anaiona yote kwa pamoja. Lakini ukifika takriban milisekunde 60, anaona mstari mmoja unaohama kutoka hapa kwenda pale, na hakuna kitu chochote kilichohama. Waliokaa mbele ya kifaa hicho kutazama walikuwa wasomi wawili vijana, Wolfgang Köhler na Kurt Koffka. Makala ya Wertheimer ilichapishwa mwaka 1912, na hao watatu ndio wanaohesabiwa waasisi wa saikolojia ya Gestalt.

Mwaka 1915 Edgar Rubin wa Denmark akaongeza wazo la umbo na usuli. Bila shaka umewahi kuiona picha yake: ukitazama katikati unaona chombo cheupe, ukitazama pembeni unaona nyuso mbili nyeusi zinazotazamana. Huwezi kuviona vyote kwa pamoja. Kimoja kikisogea mbele, kingine kinarudi nyuma.

Perls alilichukua wazo hilo akalitoa kwenye karatasi na kulipeleka maishani. Katika kitabu chake cha kwanza alitoa mfano wa shamba moja la nafaka linalotazamwa na watu mbalimbali. Mfanyabiashara anaona faida, mchoraji anaona rangi, rubani anaona mahali pa kutua kwa dharura, wapenzi wawili wanaona mahali pa kujificha. Shamba ni lilelile. Haja ya mtu ndiyo inayoamua kipi kisogee mbele. Kwa maoni yangu, mfano huu unaieleza tiba ya Gestalt vizuri kuliko fasili nyingi zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo tiba ya Gestalt ni saikolojia ya Gestalt iliyogeuzwa kuwa matibabu?

Hapana, ingawa vitabu vingi vya kiada vinaandika hivyo. Wertheimer na wenzake walichunguza namna tunavyoona, tunavyosikia na tunavyofikiri. Hawakuwa waganga wa nafsi na hawakudai kuwa hivyo. Perls mwenyewe alikiri katika maandishi yake ya uzeeni kwamba hakuwahi kusoma vitabu vyao vikuu, ila makala chache za Wertheimer, Köhler na Kurt Lewin, mwanasaikolojia mwingine wa mkondo huohuo. Katika miaka ya 1970 Mary Henle, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa karibu na Köhler, alizilinganisha nadharia hizi mbili, na hukumu yake ilikuwa kali: zinashiriki jina, basi.

Nadhani Henle alipitiliza. Kama ukimsoma Fritz peke yake, ana hoja. Lakini Laura aliisomea saikolojia hiyo darasani Frankfurt, mikononi mwa Adhémar Gelb, na alikuwa akiijua kwa undani. Tena daraja halisi kati ya maabara na tiba lilikuwa Kurt Goldstein, na yeye Henle hakumpa nafasi anayostahili.

Wazo la "viporo" vya moyoni limetoka kwa nani?

Viporo ni mambo yaliyoachwa bila kumalizwa, na wazo hilo limetoka kwa Kurt Lewin na mwanafunzi wake Bluma Zeigarnik, aliyetoka Lithuania kwenda kusoma Berlin. Zeigarnik aliwapa watu kazi ndogo ndogo kama kufinyanga kisanamu cha udongo, kufumbua fumbo au kupiga hesabu. Kazi nyingine aliwaacha wazimalize, nyingine aliwakatiza katikati. Alipowauliza baadaye wanakumbuka zipi, zile zilizokatizwa zilikumbukwa karibu mara mbili ya zile zilizomalizika. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1927. Watafiti waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo usilinukuu kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Perls alikipeleka kiporo mbali zaidi ya udongo na mafumbo. Ugomvi na baba aliyefariki kabla ya kupatana, kilio kilichozuiwa msibani kwa sababu "mwanamume halii", neno la shukrani ambalo halikusemwa: yote hayo, kwake, hubaki yakidai kumalizwa na kuila nguvu ya mtu. Msomaji anayejua misiba yetu inavyoendeshwa hatahitaji maelezo zaidi.

Lewin aliacha jambo la pili pia, nadharia ya uwanja, inayosema tabia ya mtu haieleweki ukimtenga na mazingira yake ya wakati ule. Hapo ndipo mshauri wa Gestalt anapopata sababu ya kuuliza "hili linatokea wapi, kati ya nani na nani?" badala ya kuuliza tu "una tatizo gani?"

Kurt Goldstein alikuwa nani, na kwa nini anastahili kujulikana zaidi?

Alikuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza taasisi ya Frankfurt iliyowahudumia askari walioumia ubongo, akishirikiana na mwanasaikolojia Gelb. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa kijana aliyepigwa na vipande vya kombora. Mbu akimuuma, mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali alipoumwa. Aliweza kuishika pua yake. Lakini akiambiwa aionyeshe kwa kidole huku amefumba macho, alishindwa. Mkono haukupooza na pua ilikuwa palepale. Kilichopotea ni uwezo wa kulitenda jambo nje ya haja halisi ya wakati ule.

Kutokana na wagonjwa wa aina hiyo Goldstein alifikia hitimisho lililokwenda kinyume na tiba ya siku zake. Alisema jeraha halitoboi tundu moja kwenye mashine, bali linambadilisha mtu mzima, na mtu mzima hujipanga upya ili aendelee kuishi. Dalili tunayoiona mara nyingi ni sehemu ya kujipanga huko. Mgonjwa anayepanga viatu vyake kwa mstari mnyoofu kupita kiasi hafanyi upuuzi. Anaijenga dunia ndogo anayoweza kuimudu. Goldstein pia ndiye aliyeeleza kwamba kiumbe kina msukumo mkuu wa kujitimiza, wazo ambalo mwanasaikolojia wa Marekani Abraham Maslow alilieneza baadaye na watu wengi wanadhani ni la Maslow.

Fritz Perls alifanya kazi kama msaidizi kwa Goldstein mwaka 1926, na hapohapo Frankfurt akakutana na Lore Posner, mwanafunzi wa saikolojia kutoka Pforzheim, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Laura Perls. Ukiwa darasani na ukasikia kwamba katika Gestalt "ukaidi" wa mteja haupigwi vita, bali huheshimiwa kama njia aliyowahi kuihitaji ili asalimike, ujue unasikia mafundisho ya wodi ile ya askari.

Mwaka 1933 Wanazi walimkamata Goldstein, wakamfunga, kisha wakamwachia kwa sharti aondoke Ujerumani. Akiwa mkimbizi Amsterdam aliandika kitabu chake kikuu kuhusu kiumbe na ujumla wake, kilichotoka mwaka 1934.

Perls alikuwa mwanafunzi wa Freud?

Alifunzwa uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya kuchimbua yaliyofichika akilini, katika njia iliyoanzishwa na Freud, lakini si na Freud mwenyewe. Alipitia mikono ya wachanganuzi kadhaa mijini Berlin na Frankfurt, wakiwemo Karen Horney na Clara Happel. Mwingine, Eugen Harnik, alimwekea sharti la kutofanya uamuzi wowote mkubwa wa maisha wakati matibabu yanaendelea. Perls akakiacha kitanda cha mchanganuzi, akamwoa Lore.

Alikutana na Freud mara moja tu, mwaka 1936. Alikuwa ametoka Afrika Kusini kwenda kutoa mada kwenye kongamano la wachanganuzi nafsi huko Marienbad, Chekoslovakia, akapitia Vienna kumsalimia mzee. Kwa masimulizi ya Perls, Freud hakumkaribisha hata aketi. Walizungumza mlangoni dakika chache, na Freud akamuuliza atarudi lini. Kwenye kongamano nako mada yake ilipokewa kwa ubaridi. Alibaki na uchungu huo hadi uzeeni.

Hata hivyo si kweli kwamba tiba ya Gestalt ilizaliwa kwa hasira tu. Kitabu cha kwanza cha Perls kina kichwa kidogo kinachokitambulisha kuwa ni marekebisho ya nadharia na mbinu za Freud. Hakuna anayerekebisha kitu ambacho hakijamfaa.

Mwili umeingiaje kwenye tiba hii?

Kwa milango miwili. Wa kwanza ni Wilhelm Reich, mchanganuzi wa mwisho wa Perls kabla ya kukimbia Berlin. Reich aliacha kusikiliza tu mgonjwa anasema nini, akaanza kutazama anasemaje: taya lililobana, pumzi iliyokatwa, tabasamu lisiloondoka hata katika habari ya kifo. Alifundisha kwamba mtu hujivika silaha kwa misuli yake, na silaha hiyo ina historia. Chama cha kimataifa cha wachanganuzi nafsi kilimfukuza Reich mwaka 1934. Mawazo yake ya baadaye yalipotoka sana, lakini hilo la silaha ya mwilini limebaki.

Mlango wa pili ni Laura, na nitamrudia hapa chini.

Afrika Kusini inaingiaje katika historia hii?

Inaingia sana, na inasikitisha kwamba hata vyuo vyetu vya Afrika huitaja kwa sentensi moja.

Perls na Laura walikuwa Wayahudi, na walijihusisha na siasa za kuwapinga Wanazi. Mwaka 1933 walikimbilia Amsterdam, wakaishi kwa dhiki, na mwaka 1934, kwa msaada wa mchanganuzi nafsi Ernest Jones wa London, wakapata nafasi ya kwenda Johannesburg. Mwaka uliofuata walianzisha huko taasisi ya uchanganuzi nafsi. Waliishi Afrika Kusini takriban miaka 12. Ndugu zao wa karibu waliobaki Ulaya waliuawa na Wanazi.

Kitabu kilichofungua njia ya Gestalt, *Ego, Hunger and Aggression*, kilichapishwa mara ya kwanza Durban mwaka 1942. Wazo lake kuu linatokana na chakula. Mtoto mchanga hunyonya na kumeza. Meno yakianza kuota hupata uwezo mpya wa kuuma, kutafuna, kutema kisichofaa na kukifanya kinachofaa kuwa sehemu ya mwili wake. Perls alisema tunafanya vivyo hivyo na mafundisho ya wazazi, dini, walimu na jirani. Kuna waliotafuna, na kuna waliomeza nzima nzima, na kilichomezwa kizima hukaa tumboni kikimsumbua mtu kama kitu kigeni. Mshauri wa Gestalt akisikia "ni lazima", "sipaswi", "watu wa ukoo wetu hatufanyi hivi", hasemi kwamba ni vibaya. Anauliza kama mteja amewahi kukitafuna.

Katika kitabu hicho Perls anamtaja Jan Smuts, mwanasiasa wa Afrika Kusini. Mwaka 1926 Smuts alichapisha kitabu kuhusu ujumla, akidai kwamba maumbile yana mwelekeo wa kuunda vitu vizima ambavyo haviwezi kuelezwa kwa kuhesabu sehemu zake. Kwa mtu aliyetoka kwa Goldstein, hayo yalikuwa maneno ya nyumbani.

Lakini Smuts huyohuyo ndiye jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani wa Lettow-Vorbeck. Aliichukua Moshi mwezi Machi na Morogoro mwezi Agosti, na vita vile viliendeshwa kwa migongo ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyobaki kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Na Smuts huyohuyo, akiwa waziri mkuu, alitawala nchi iliyowatenga watu kwa rangi na hakuona kwamba Waafrika walistahili kuwa sehemu sawa ya kile "kizima" alichokiandikia kitabu. Siwezi kumfundisha mtu mchango wa Smuts katika Gestalt nikaliacha hilo pembeni, na sidhani mwalimu yeyote wa ukanda huu anapaswa kufanya hivyo. Wazo la ujumla linafaa. Mwenyewe hakuliishi.

Perls alihudumu kama daktari wa magonjwa ya akili katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili, na mwaka 1946 aliondoka kwenda Amerika Kaskazini. Laura na watoto walimfuata. Walishaona upepo wa siasa unavyogeuka, na mwaka 1948 chama cha ubaguzi kilishinda uchaguzi.

Mbona Laura Perls hatajwi sana?

Kwa sababu aliandika machache, hakupenda majukwaa, na mumewe alipenda majukwaa kupita kiasi. Hiyo ni sababu, haitoshi kuwa udhuru.

Mada ile iliyopuuzwa Marienbad ilitokana na uchunguzi ambao Laura aliuanza Berlin baada ya kujifungua mtoto wao wa kwanza mwaka 1931. Alikuwa akitazama watoto wanavyonyonyeshwa na kuachishwa ziwa, nani anaharakishwa, nani anapewa muda wa kutafuna. Nadharia nzima ya meno na kutafuna niliyoieleza hapo juu ina chanzo hapo, kwa mama mwenye elimu ya saikolojia aliyekaa na mtoto. Laura alieleza pia kwamba baadhi ya sura za kitabu cha 1942 zilitokana naye, na kwamba toleo la kwanza lilimshukuru kwa maneno ambayo baadaye yaliondolewa.

Alipiga piano tangu utotoni na alicheza dansi. Alizijua njia za Kijerumani za kufundisha mwili utambue mkao na pumzi zake, zikiwemo za Elsa Gindler. Ndiyo maana yeye, akiwa na mteja, alitazama kwanza mtu amekaaje: miguu inaigusa sakafu? Mgongo umeegemea kitu? Alifundisha kwamba mtu hawezi kukutana na mwingine kwa ukamilifu kama hana kinachomshikilia chini, na akaliita hilo tegemeo. Fritz alijulikana kwa kumvua mteja magongo yake. Laura aliuliza kwanza kama mguu umepona.

Taasisi ya tiba ya Gestalt ya New York ilifunguliwa mwaka 1952. Fritz alianza kusafiri, akaondoka. Laura alibaki, akaishikilia kwa miongo mingi.

Udhanaishi unaotajwa katika Gestalt ni upi? Wa Sartre?

Udhanaishi ni falsafa inayoanza na kuwepo kwa mtu na uhuru wake wa kuchagua. Ule wa Gestalt zaidi ni wa mwanafalsafa Martin Buber. Laura aliwasikiliza Buber na mwanateolojia Paul Tillich katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, na alisema waziwazi kwamba hao wawili walimgusa kuliko wanasaikolojia wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Buber alitofautisha namna mbili za kumkabili mtu: kumfanya kitu cha kuchunguzwa na kutumiwa, au kukutana naye kama nafsi mbele ya nafsi. Tiba ya Gestalt inayofundishwa leo, hasa tangu miaka ya 1980, imerudi kwa nguvu kwenye msingi huo wa mazungumzo.

Kutoka kwenye fenomenolojia ya Edmund Husserl ilichukuliwa nidhamu ya kueleza kilichopo kabla ya kukitafsiri. Mwanafunzi anayesema "mteja alikuwa na msongo" anarudishwa: umeona nini? Umesikia nini? Ni nidhamu ngumu, na inamsaidia mtu hata nje ya chumba cha ushauri.

Salomo Friedlaender ni nani? Nimeliona jina lake mara moja tu.

Mwanafalsafa wa Berlin aliyechapisha mwaka 1918 kitabu kuhusu nukta ya katikati ambamo vinyume huzaliwa. Perls alimheshimu kama mmoja wa walimu wake wakuu. Pale mshauri anapomsaidia mteja kusikiliza pande zake mbili zinazogombana, yule anayeamrisha na yule anayejitetea, bila kuharakisha kumpa ushindi mmoja wao, mkono wa Friedlaender upo. Alikufa Paris mwaka 1946 akiwa mkimbizi fukara.

Paul Goodman alifanya nini hasa?

Aliandika nadharia. Goodman alikuwa mshairi, mwanariwaya na mwanaanakisti, yaani mpinga mamlaka ya dola, wa New York. Perls alimletea muswada, naye akaukuza kuwa sehemu nzito ya kitabu cha 1951. Mwandishi wa tatu, Ralph Hefferline, alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Columbia, na mazoezi yaliyomo kitabuni yalijaribiwa na wanafunzi wake. Goodman alileta falsafa ya Kimarekani ya William James na John Dewey, akaileta siasa pia. Aliona kwamba mara nyingine mtu anayeshindwa kuendana na jamii ni mzima, na jamii ndiyo yenye ugonjwa.

Mchapishaji alitaka mazoezi yatangulie, nadharia ifuate, kwa kuwa aliamini mazoezi yatauza. Kwa zaidi ya miaka 40 wasomaji walikutana na kitabu kilichogeuzwa, mpaka toleo la 1994 lilipourudisha mpangilio uliokusudiwa. Nafikiri uamuzi ule wa kibiashara umechangia sana Gestalt kuonekana kuwa mfuko wa mbinu.

Kiti kitupu ni cha Perls au cha Moreno?

Mizizi ni ya Jacob Moreno, daktari aliyekulia Vienna na kuanzisha saikodrama, tiba inayotumia uigizaji mbele ya kundi. Alihamia Marekani, na Perls alihudhuria vikao vyake New York. Moreno alitumia kiti kitupu kabla yake. Tofauti ni kwamba kwa Moreno watu wengine kundini huigiza nafasi za baba, mke au bosi, wakati kwa Perls mteja mwenyewe huhama kiti na kuzungumza kwa sauti zote mbili, kwa sababu baba anayezungumziwa sasa anakaa ndani yake. Usisahau pia kwamba Perls alipokuwa kijana Berlin aliwahi kutokea jukwaani kama mwigizaji wa nyongeza katika tamthilia za Max Reinhardt. Jukwaa alilijua.

Utafiti wa kina kuhusu mazungumzo ya viti viwili ulifanywa baadaye Kanada na Leslie Greenberg, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye aliyaingiza katika tiba yake inayolenga hisia.

Na Zen?

Zen, njia ya kutafakari ya Ubuddha wa Japani, iliingia New York kupitia Paul Weisz, daktari aliyekuwa katika kundi la kwanza, na Perls alikwenda Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Iliongezea lugha ya utulivu na ya kukaa katika sasa. Lakini wazo la "hapa na sasa" lilikuwepo tayari tangu Lewin na mchanganuzi nafsi Otto Rank, kwa hiyo Zen haikuwa chanzo chake. Ilikuwa uthibitisho uliokuja baadaye.

Kwa nini wengi wanaamini mshauri wa Gestalt lazima awe mkali?

Kwa sababu ya California. Kuanzia mwaka 1964 Perls alikaa Esalen, kituo cha mafunzo kando ya bahari huko Big Sur. Vijana wa Marekani walikuwa wakitafuta njia mpya za kuishi, naye akawa mzee wao mwenye ndevu, akiendesha maonyesho ambapo mtu mmoja anapanda kukaa naye mbele ya umati na kushughulikiwa kwa dakika 20. Filamu ya mafunzo ya mwaka 1965, inayomwonyesha mwanamke mmoja akizungumza kwa zamu na Carl Rogers, Perls na Albert Ellis, kila mmoja akiwa na tiba yake, iliipeleka sura hiyo kwenye madarasa duniani kote. Ndani yake Perls anamchokoza mteja waziwazi. Wanafunzi wengi wameiona filamu hiyo na hawajaona kingine.

Ule ulikuwa mtindo wa mtu mmoja katika miaka yake ya mwisho. Huko New York na Cleveland, ambako taasisi ya pili ilianza miaka ya 1950, kazi iliendelea kwa subira, wiki baada ya wiki, na mteja mmoja mmoja. Kama mwalimu wako anakufundisha kumfokea mteja kwa jina la Gestalt, una haki ya kumuuliza amelitoa wapi, kwa maana kwa Goldstein, Buber na Laura hutalikuta. Mteja aliyetoka kwenye ukatili wa nyumbani anaweza kuumizwa vibaya na maigizo ya namna hiyo.

Nikitaka kusoma vyanzo vyenyewe, nianzie wapi?

Usianzie kwenye maandishi ya semina za Esalen, hata kama ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo yanayochekesha. Anza na nusu ya nadharia ya kitabu cha 1951, kisha mkusanyo wa makala na mazungumzo ya Laura uliotoka 1992 kwa jina *Living at the Boundary*. Ukipata nafasi, msome Goldstein. Maandishi ya Goodman ni mazito, na si wewe peke yako unayekwama. Isadore From, mmoja wa walimu wa mwanzo kabisa, alikuwa akikisoma kitabu cha 1951 pamoja na wanafunzi wake mstari kwa mstari, wakisimama kila mahali palipowashinda. Tafuta wenzako wawili watatu mfanye hivyo hivyo, kurasa tatu kwa mkutano zinatosha.